Nilivyokwenda Uroa Kumtafuta Changu Aliye Njiani Kuwa Papa

Papa ni changu aliyekataa kuvuliwa. Hivyo ndivyo nilivyoamini tangu nina meno ya utoto hadi Alkhamisi iliyopita, na kama mtu angenitaka niape, ningekwenda msikitini nimeshatawadha.

Habari hii niliipata kwa Mzee Ussi, muuza kahawa wa kona yetu ya Mkunazini, mtu anayejua kila kitu cha baharini ila kuogelea. Alinipangia vikombe vyake juu ya baraza. Kikombe cha kwanza dagaa. Dagaa akisalimika na nyavu, huwa changu. Changu akisalimika, huwa kolekole. Kolekole akisalimika, huwa nguru. Nguru akizeeka, mifupa yake inalainika kama ya ajuza, ngozi inakwaruza kwa chumvi ya miaka yote ile, vifuniko vya mashavu vinadondoka, vinabaki vipasuo vitano kila upande. Huyo tena ni papa.

"Na papa akizeeka?" nikamuuliza.

"Nyangumi."

"Na nyangumi akizeeka?"

Mzee Ussi akanitazama kwa huruma. "Anakuwa kisiwa. Kwani weye unadhani kile cha Changuu kiliitwaje vile?"

Nani angebisha? Mimi ni seremala. Nimesugua masanduku na milango kwa ngozi kavu ya papa, na kila nikisugua nikijisemea: huyu bwana kala chumvi. Mama yangu, Bi Mize, akipika mchuzi wa papa hatuokoti mwiba hata mmoja. Ushahidi nilikuwa nao mkononi na mdomoni.

Sasa mmeniuliza, nyote mnaokaa pale barazani, nilikwenda kufanya nini Uroa, na kwa nini nilirudi nguo zimekaukia chumvi, nanuka, na viatu nimeviacha. Nimechoka kumsimulia kila mtu peke yake, maana kila nikisimulia maji yanazidi kuwa marefu. Naandika mara moja, yabaki marefu kwa kiasi hiki.

Kabla sijapanda gari

Mnajua kwamba nimemaliza masomo ya usiku. Wengine mlikuja kunipongeza, mkala halua yote. Wiki ile ile Mwalimu Seif, aliyetusomesha, akasema darasa jipya la watu wazima linafunguliwa, na mmoja katika sisi wahitimu atamsaidia kusomesha. Atakayetaka, aje Alkhamisi atoe somo moja la majaribio mbele ya watu.

Mimi nilitaka chaki ile kuliko nilivyotaka kuoa. Na sababu ni mama. Kila mwezi mama akenda dukani na kadi yake ya mchele, akisimama foleni, akifika mbele anatia dole gumba. Siku moja alirudi na wino kwenye kidole, akakisugua kwa ndimu mpaka kikawa chekundu. Akaniambia, "Khamis, nnachoka kutia dole kama niliyeiba." Nikamwambia, mama, ingia darasani. Akasema hakai mbele ya mtu asiyemjua akachekwa na watoto wa watu. "Ukisomesha weye, nitakuja. Asiyekuwa weye, siji." Basi chaki isipokuwa yangu, mama na dole lake watarudi foleni mpaka mwisho wa dunia.

Nikaona bora nitoe somo litakalowaacha watu midomo wazi. Mwalimu Seif alikuwa ameshatufundisha kwamba viumbe vimegeuka kwa zama na zama, na vya leo si kama vya kale. Siku aliyotufundisha hayo nilisimama kabla hajameza mate, nikasema hayo sisi kwetu Mkunazini tunayajua, nikawapangia changu na nguru wake kama nilivyopangiwa vikombe. Darasa zima likacheka. Mwalimu Seif hakucheka. Akapuliza unga wa chaki vidoleni, kama anavyofanya akitaka kumchimbia mtu shimo, akasema, "Vizuri, Bwana Khamis. Kama wote hao hugeuka, lazima yuko aliye njiani, si changu tena wala hajawa papa. Niletee huyo."

Hiyo ndiyo safari yangu. Jumanne asubuhi nikatoka kwenda kumtafuta aliye njiani.

Darajani hadi Dunga: hodi hodi

Gari la shamba lilikuwa liondoke saa mbili. Saa mbili ikapita, saa tatu ikapita, tukawa tunamngoja mtu na mlango.

Simaanishi mlango wa gari. Mlango wa nyumba, wa mninga, umekamilika na fremu yake, umenunuliwa mjini na kijana mmoja wa Marumbi aliyeitwa Ame. Wakwe zake walikuwa wamemwambia binti yao haingii katika nyumba iliyofungwa kwa gunia. Juu ya gari hapakuwa na nafasi, pana magunia na kitanda cha mtu. Dereva akaamua mlango uingie ndani. Ukasimamishwa katikati, ukagawa gari vyumba viwili, na abiria wa nyuma akitaka kushuka anapita mlangoni.

Wazanzibari ni watu wenye adabu. Kila aliyefika pale alipiga hodi. Na wa upande wa pili walijibu karibu.

Mimi nilikaa nyuma, pua yangu kwenye tundu la kitasa ambacho hakijatiwa bado. Kutoka tundu lile ilikuwa inaingia harufu ya papa mkavu, nzito hata ungeweza kuikata ukala na muhogo. Kisha ikaingia sauti ya mwanamke.

"Wee bwana wa chumba hicho, unakwenda wapi?"

"Uroa, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Una mtu Uroa?"

"Sina mtu. Nna samaki."

"Samaki gani?"

"Aliye njiani."

"Njiani kwenda wapi?"

"Kwenda kuwa papa."

Halafu nikamsikia akimwambia jirani yake, "Masikini, mtoto wa watu. Nani kampakia peke yake?"

Huyo alikuwa Bi Pili, mwenyeji wa Uroa, muuza papa mkavu. Alikuwa amekwisha kuuza mzigo wake mjini, anarudi na kikapu kitupu na kipande kimoja cha papa alichokataa kukiuza kwa sababu mnunuzi alimtukania mizani. Tulipofika Mwera alikuwa ameshanijua jina, kazi, mama yangu ni nani, na kwa nini sijaoa. Mimi nilikuwa nimemjua jicho moja tu, la kulia, kupitia tundu la kitasa.

Mlango wenyewe, kwa anayetaka kujua, ulikuwa umerandwa vibaya. Nilimwambia Ame. Akasema fundi ni mtu wa Mkunazini. Nikabadilisha mazungumzo.

Dunga: mtoto mdomoni mwa mama

Dunga gari likachemka. Dereva akafungua boneti, mvuke ukapanda juu hata nikadhani tumefika Kilimanjaro. Akasema ni jambo dogo, anatafuta maji. Akaondoka na debe, akarudi baada ya muda ambao mimi ningeweza kutengeneza kabati.

Bi Pili hakupoteza wakati. Alijuana na mwanamke wa nyumba iliyo kando ya barabara, au hakujuana naye, sikuweza kufahamu, maana walivyosalimiana ungesema wamezaliwa tumbo moja na kumbe kila mmoja alikuwa anauliza jina la mwenziwe. Mara jiko likawaka. Kile kipande cha papa kikaoshwa, kikachomwa, kikachambuliwa nyuzi nyuzi, kikatiwa katika muhogo wa nazi na pilipili mbuzi moja nzima. Wallahi nimekula katika harusi kubwa kubwa, sijala kitu kama kile. Nilikula mpaka mwenye nyumba akaanza kunitazama mkanda.

"Hebu nambie sasa," Bi Pili akasema, "hiyo habari ya changu kuwa papa umeipata wapi?"

Nikamweleza vikombe vyote vya Mzee Ussi. Alisikiliza huku akilamba vidole. Nilipofika kwenye kisiwa cha Changuu alijifunika uso kwa kanga, mabega yakamtikisika.

"Mjini mnadanganywa!" akasema. "Papa ana mtoto. Miye nimeona kwa macho yangu. Tena mtoto akiogopa, mama hufungua mdomo, mtoto akaingia tumboni. Hatari ikipita, akatoka."

Hapo nikacheka mimi. Nilicheka hata uzi wa papa ukaniingia puani. "Bi Pili! Akiingia mdomoni, mama atajuaje kwamba huyu ni mtoto, si kitoweo?"

"Weye mama yako amekujuaje?"

"Mama yangu hajawahi kunimeza."

"Basi bahati yake, maana ungemkwama."

Tukabishana pale mpaka mwenye nyumba akachukua upande. Akawa na yeye ana ya kwake, kwamba papa hana kinyesi. Ame akasema kwao Marumbi wanajua papa halali, akilala anazama. Dereva alirudi na debe lake akakuta mkutano mzima, kila mtu na papa wake, wala hakuna hata mmoja aliyefanana na wa mwenziwe.

Chwaka hadi Uroa: kwa miguu na mlango

Gari lilituteremsha Chwaka, likasema halina nguvu ya kwenda mbele. Kutoka hapo ni miguu, pwani pwani, kupita Marumbi. Ame akasimama na mlango wake akiutazama kama mtu aliyeachiwa mzazi mgonjwa. Ningefanyaje? Nikashika upande wa nyuma, yeye akashika wa mbele, Bi Pili akatangulia na kikapu.

Maji yalikuwa yametoka, mchanga mweupe mpaka macho yanauma, na mbali kabisa wanawake wameinama wanachokoa pweza. Tulitembea vizuri hadi mahali ambapo kijito cha bahari kinaingia kwenye mikoko. Tukapumzika kidogo. Kidogo kile ndicho kilichotuponza. Tulipoinuka, maji yalikuwa yanarudi, tena kwa haraka ya mtu aliyesahau ufunguo.

"Viatu vueni!" akapiga kelele Bi Pili.

Nikavua, nikaviweka juu ya jiwe nikunje suruali. Jiwe lile sikuliona tena.

Mlango tukaulaza juu ya maji, ukaelea kama uliozaliwa hapo. Kikapu cha Bi Pili juu yake, viatu vya Ame juu yake, na sisi pembeni tunasukuma. Mimi nasema maji yalinifika shingoni. Bi Pili anasema magotini. Mtakaponiuliza mimi, ni shingoni.

"Kokota miguu!" Ame akaniambia. "Usiinyanyue, kokota tu! Kuna taa."

"Mchana huu taa ya nini?"

"Samaki, yakhe! Ule mpana, wenye mwiba mkiani. Ukimkanyaga amekumaliza, ukimgusa kwa kidole cha mguu anaondoka mwenyewe."

Hajamaliza, kitu kama mkeka ulio hai kikaniteleza juu ya kisigino. Nilipanda juu ya mlango. Sijui nilipandaje. Bi Pili anasema hajaona mtu mzima akipaa. Nikalala pale kifudifudi, nikamwona taa akienda zake, mbawa zinapepea polepole, mkia nyuma kama fimbo ya mkaguzi. Na chini ya woga wangu wote elimu ikaniamka. Ngozi ile, mkwaruzo ule, naujua. Ni wa papa!

"Huyu ni papa aliyekaliwa," nikasema.

"Shuka mlangoni kwangu," akasema Ame.

Tulimwacha Marumbi, na mlango wake na wakwe zake. Waliutia pale pale, umelowa, na mkwe akaufunga na kuufungua mara nyingi. Ulikuwa unakwaruza sakafu. Nikawaaga haraka.

Uroa: mikoba ya duka moja

Mtu wa mjini anayefika kijijini jioni, hana viatu, sikioni ana penseli, anauliza samaki wenu wakoje, huyo ana maana moja tu. Ametumwa kuhesabu. Nilipita pwani ya Uroa nikiuliza, na kila nilikopita samaki walikuwa wakipotea. Makuti yalifunikwa juu ya vichanja. Mzee mmoja alikalia papa, mkia tu unaonekana nyuma yake, akaniambia hapa tangu mwaka jana hawajaona samaki.

Bi Pili ndiye aliyeniokoa. Akasimama katikati ya pwani, mkono kiunoni. "Mwacheni! Huyu si wa serikali. Huyu mgonjwa."

Basi hapo wakanipenda. Nililetewa maji ya moto ya kuoga, mkate wa kumimina, chai ya mchaichai, na kila aliyekuja kunipa pole aliniuliza limenianza lini. Nililala nyumbani kwa kaka yake Bi Pili kama sultani.

Asubuhi nyavu zikaja na papa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona mzima, maana sisi mjini tunamjua kwa vipande. Huyu alikuwa wa rangi ya mchanga, madoa mwili mzima kama chui, na mkia peke yake mrefu karibu sawa na mwili. Urefu wake wote? Nikisema sawa na nyumba yetu mtabisha, basi nasema sawa na sebule. Bi Pili alikuwa ameshafunga kanga, kisu mkononi. Akampasua. Akatoa ini, likawekwa pembeni kwa ajili ya mafuta ya kupaka vyombo vya baharini. Akatoa tumbo la chakula, limejaa maganda ya konokono, akalitupa. Halafu akaingiza mkono tena, nyuma zaidi, akatoa mkoba.

Naapa, mkoba. Wa kahawia iliyoiva, mgumu kama pembe, ukubwa wa kiganja cha mtu mkubwa, na nyuzi nyuzi pembeni kama mapambo. Akaingiza tena mkono, akatoa wa pili.

"Kawameza watu!" nikapiga kelele. "Kameza akina mama na mikoba yao!"

Pwani nzima ikageuka. Mzee yule aliyekalia papa akasema, "Basi tafuteni na wenyewe." Mmoja katika ile mikoba ukapasuka kisuni, ndani hamna kanga wala ushanga, ila ute na kiini cha manjano. Nikasema mwenyewe alikuwa amebeba yai la safari.

Bi Pili akafuta kisu. "Miye nnao mwingine nyumbani. Nimeukuta maji yametoka, umenasa kwenye jiwe na nyuzi zake. Nlitaka kuwekea sindano zangu, hautaki kufunguka. Chukua, mpelekee mama yako."

Akaniletea. Ule ule! Rangi ile ile, nyuzi zile zile, ila mzito zaidi. Nikaugeuza huku na huku kama fundi anavyogeuza kazi ya fundi mwenzake, nikatoa hukumu. "Mikoba hii ni ya duka moja."

Hakuna aliyebisha. Walikuwa wameshaambiwa mimi mgonjwa.

Nilikuwa natafuta namna ya kuaga, moyo mzito maana aliye njiani sijampata, mara nikasikia wanawake waliokuwa wanavua dagaa kwa kutanda shuka majini wanacheka. Katika shuka yao, katikati ya dagaa, amelala samaki urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko. Umbo la papa, vipasuo vitano, mkia mrefu usiokwisha. Lakini rangi! Mweusi, na mistari myeupe inamzunguka kama punda milia. Mistari, jamani, kama ya samaki wadogo wa miambani! Mwili ameshaingia kwenye upapa, nguo bado hajabadilisha.

Nikapiga magoti mchangani. Nikasema, "Njiani! Nimekukuta njiani!"

Bi Pili akampaka chumvi, akamfunga majani ya mgomba, akanitazama kwa macho yote mawili. "Sasa nenda kwa mama yako, mwanangu. Usikawie."

Kurudi

Kurudi hakuna mengi. Kwenda gari liligawanywa na mlango, kurudi liligawanywa na mimi. Abiria wote mbele, mimi na samaki wangu nyuma, katikati viti vitupu ambavyo hakuna aliyevitaka. Mwera walinihamishia juu, kwenye magunia. Mtoni sikupita wala si njia yake, lakini wapo watu wanaodai harufu yangu walinusa Mtoni, na mimi sitawaita waongo.

Mama nilimkuta anakuna nazi. Nikampa mkoba wake. Akaugeuza, akaunusa, akasema ahsante kwa sauti ya mtu anayemshukuru mgonjwa. Lakini aliuchukua.

Darasani

Alkhamisi baada ya Magharibi darasa lilijaa. Wenzangu wawili walishatoa masomo yao, mmoja juu ya mbu, mmoja juu ya mvua, vizuri sana, sikumbuki hata neno. Nikasimama. Hapo ndipo nikamwona mama. Amekaa mlangoni, nusu nje nusu ndani, juu ya kibao chake cha mbuzi, cha kukunia nazi, alichokibeba kutoka nyumbani. Asije mtu akasema kakaa benchi la skuli. Mkoba pajani, kibanio cha nywele mkononi, anauchokoachokoa ukingoni.

Nikasahau woga. Nikasema kama sijapata kusema. Dagaa, changu, kolekole, nguru. Mifupa inavyolainika. Ngozi inavyokula chumvi. Nikapita mpaka kwa taa, papa aliyekaliwa. Halafu nikafungua majani ya mgomba, harufu ikatoka, benchi la mbele likawa la pili, nikamwinua samaki wangu juu kwa mkia. "Huyu hapa! Mwili wa papa, mistari ya samaki mdogo. Mwalimu, ulisema nikuletee aliye njiani. Huyu ndiye!"

Mwalimu Seif amesogea, anamtazama samaki, hapulizi chaki. Nikajua nimeshinda. Chaki yangu, mama yangu, dole limepona.

"Khamis," akasema mama kutoka mlangoni. "Mkoba wako una mkia."

Watu wakageuka. Ukingo wa mkoba ulikuwa umefunguka chini ya kibanio, na mkia ulikuwa unatoka, mrefu, mweusi, na mistari myeupe.

Mwalimu Seif akamwendea. "Niruhusu, mama." Akaupanua polepole. Ndani amejikunja samaki mdogo, amekufa lakini mzima, hakuna alichopungua. Akamlaza mezani karibu na wangu. Mtu na mdogo wake.

"Mkoba kama huu umeuona wapi kwengine, Bwana Khamis?"

"Tumboni mwa papa. Wa madoa. Alikuwa amemeza miwili."

"Ilikuwa katika tumbo la chakula?"

"La. Bi Pili tumbo la chakula alishalitoa, akalitupa. Mikoba ilikuwa nyuma, kule..." Nikasikia sauti yangu inapunguza mwendo, kama gari linaloingia Dunga. "Kule nyuma."

"Na ndani yake?"

"Ute. Na kiini." Nikatazama watu. "Cha manjano."

Lo! Kicheko kile mlikisikia barazani, najua, maana Mzee Ussi ameniambia alidhani ni harusi. Walicheka hata mwenye mbu na mwenye mvua wakakumbatiana. Na mimi? Ukishamwambia mtu kwamba yai ni mkoba ulionunuliwa dukani, una njia mbili, ukimbie au ucheke. Sikuwa na viatu vya kukimbilia. Nikacheka kuliko wote.

Lakini macho yangu yako mlangoni. Maana alichokiogopa mama ni hiki hasa, kuchekwa mbele ya watu, na sasa anaona ninavyochekwa mimi. Akainuka. Akakishika kibao chake. Nikasema basi, kwaheri, dole gumba mpaka kiyama.

Mama hakutoka. Akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei, "Mwalimu, sasa kama hakutoka kwa changu, mistari hii ya nini? Na mama yake ana madoa?"

Kicheko kikakatika. Mwalimu Seif akamjibu yeye, si sisi. Akasema papa huyu huzaliwa na mistari, na akikua mistari hukatikakatika ikawa madoa, lakini ni papa tangu yumo yaini. Akasema papa wengine hutaga, na wengine huzaa mtoto mzima kama mbuzi. Akasema mifupa haijalainika kwa uzee, papa hana mfupa tangu mwanzo, ana gegedu kama la sikio lako, na taa ni binamu yake wa kweli, ingawa hakukaliwa na mtu. Na kule kugeuka alikotufundisha si kwa samaki mmoja katika umri wake. Ni kwa vizazi juu ya vizazi, vingi kuliko anavyoweza kuhesabu mtu, kidogo kidogo. Wala papa hakuja mwisho. Jamaa zake walikuwa wanaogelea kabla ya ndege, kabla ya minazi, kabla changu hajafikiriwa.

"Mengi hayo," akasema mama. "Nipe fupi nitakaloshika."

"Nitakupa fupi. Lakini huko mlangoni huoni ubao."

Mama akatazama benchi. Watu wakasogea. Akakiegemeza kibao chake ukutani, akaja, akakaa, mgongo umenyooka kama aliyekuja kuposa.

Mwalimu Seif akanipa chaki. "Msomeshe mama yako. Herufi ni chache, atazimudu. Andika ninavyokutajia."

Nikageukia ubao. Nyuma yangu nikasikia mama akizitamka pole pole, pa, tena pa, kidole kinafuata hewani, kidole kile kile cha wino, na mwalimu anataja:

"Papa huzaa papa."